Siku Niliyojiita Mtu wa Lamu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilivyokwenda barazani kwa jumbe wa mtaa, hapahapa Bagamoyo, nikiwa na babu saba wa kuazima. Tangu alfajiri nakusikia, wewe mgeni wangu, unakariri majibu yako ya kesho barazani, nami nacheka peke yangu jikoni, maana nilikariri hivyohivyo.

Nilikuja na msafara kutoka Unyamwezi, nimebeba vyungu, mume wangu kabeba pembe. Homa ikamchukua hapa. Wenzetu walipofunga mizigo ya kurudi, nikataka kubaki. Mji huu ulinishika. Kila kitu nilitaka kukijua, hata kwa nini chumvi ya baharini haiishi. Lakini hupati kiwanja cha kibanda mpaka jumbe na wazee wakuhoji, wajue wewe ni nani. Wakikukataa, unarudi ulikotoka.

Nikaogopa. Mtu wa bara asiye na ndugu, siku zile, alidhaniwa mtumwa mtoro. Shoga yangu, muuza vitumbua, akaniambia niseme nimetoka Lamu. Akanipa na majina ya babu saba, nikayameza kwa siku tisa.

Barazani nikajibu yote bila kukwama, na jumbe akaitikia kwa kichwa. Pembeni alikaa mama yake, bibi wa Kizaramo, anasuka ukili wa mkeka huku akinitazama magoti. Kumbe nilipowaamkia nilipiga magoti na kupiga makofi polepole, kama tufanyavyo kwetu, wala sikujitambua.

Bibi akasema, kama anayeuambia ukili wake, "Ajabu ya Wanyamwezi! Wanatembea miezi mitatu kuja kutazama maji wasiyoweza kuyanywa."

Hee, mwanangu! Utani ni utani. Ulimi ukanitangulia: "Heri sisi tuliotembea, bibi. Nyie mmezaliwa kando yake na bado hamjapata hata kikombe!"

Wazee wote wakanigeukia. Nikajua nimejimaliza. Kisha bibi akaangua kicheko mpaka ukili ukamtoka mkononi. Jumbe hakucheka.

"Kwa nini ulitudanganya?"

"Niliogopa mtaniita mtumwa."

Bibi akafuta machozi. "Mkataa kwao ndiye mtumwa, binti yangu. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na mtani wetu hakosi pa kukaa. Siku nikifa, nani atakuja matangani kuniigiza, awachekeshe wanaolia? Huyo mtu wako wa Lamu?"

Jumbe akanipimia kiwanja ubavuni mwa nyumba ya mama yake. Miaka ikapita, bibi akafariki. Nilijifunga ukili wake kiunoni, nikaigiza mwendo wake uani, watu wakacheka huku wanalia. Nililia kuliko wote.

Basi kesho, mwanangu, jiandae kwa adabu: fika mapema, waamkie wazee, sikiliza swali mpaka mwisho. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia palepale magotini. Wakikuuliza kwenu, taja mto mlikochota maji, taja mama aliyekuzaa. Hujui nani hapo barazani amekuwa akikungoja wewe hasa, na atakujuaje ukijificha?

Mungu akupe kiwanja, akupe na jirani wa kukutania. Ukiondoka duniani, wakulilie kwa jina lako mwenyewe. Amina.