Skafu Zisizo na Pindo

Kitendawili! Nina mama wawili, wote wazima, na bado nalala njaa. Mimi ni nani? Huna jibu? Basi usinipe mji bado. Twende kwanza Tunduma, barazani kwa fundi cherehani.

Saa moja asubuhi malori yanayosubiri kuvuka kuingia Zambia yamekwishajipanga, na Gwantwa Anyelwisye anafumua pindo la kijani. Mapajani ana skafu za mabinti wa darasa la saba. Anachokoa uzi kwa wembe, anapuliza, anaguna.

"Nashona, nafumua. Nashona, nafumua. Hata kuku anajua pa kutaga!"

"Kuku hana vikao," anamjibu Fides, jirani yake muuza maandazi.

Gwantwa, mzaliwa wa vilima vya Itumba, anashona sketi ya shule kwa shilingi elfu nne, na mteja wa ng'ambo ya mpaka akileta kwacha, pesa ya Zambia, anapokea. Skafu hashonei pesa. Hizo ni za chama cha taifa cha wasichana, na yeye ndiye mlezi wa kundi la hapa.

Alijiunga mwaka 1986, akiwa mwanafunzi.

"Walimu walituambia kilianza zamani za wakoloni, kwa watoto wa Wazungu. Baadaye na sisi tukaingia. Tulifundishwa kufunga kidonda, kuwasha moto kwa kuni mbichi, na kusema hapana." Anacheka. "Hiyo ya mwisho mume wangu hakuipenda."

Chama kina ngazi zake. Kundi lina mlezi, wilaya ina kamishna, juu yake mkoa, kisha taifa. Binti hulala kambini usiku mmoja, na asubuhi anasema ahadi mbele ya kamishna, shingoni ana skafu yenye pindo la rangi ya wilaya yake. Mbozi ni kijani.

Ila mwaka huu wa 2012 Mbozi imegawanywa, na Tunduma imeangukia wilaya mpya ya Momba. Gwantwa akapanda gari kwenda Vwawa, kwa kamishna wa Mbozi, Bi Elina.

"Akaniambia, 'Dada, hao si wangu tena. Nikiwapokea, nitaambiwa nimeiba watoto wa watu.' Nikaenda Momba. Wakasema kamishna hajachaguliwa, na rangi nayo inasubiri kikao. Kwa sasa nirudi kwa Elina. Nikarudi. Elina akashika kiuno: 'Umekuja tena?'"

Hao ndio mama wawili, na anayelala njaa ni kundi la Tunduma. Sasa nipe mji wangu.

Mtihani ukiisha, mabinti watatawanyika: huyu Msangano kwa bibi, yule Nanyala kwa shangazi. Wasiposema ahadi Jumamosi hii, wengi hawataisema tena.

Kiranja wao ni Raudha, na baba yake, Abdulswamad, ni msafirishaji wa mizigo aliyetoka Tanga. Wiki iliyopita alisimama hapa hapa barazani, akamwita Gwantwa kwa jina la mwanawe.

"Mama Tuntufye, mimi sikatazi. Lakini huko mtakakolala, likimpata mwanangu jambo, nimwulize nani?"

Gwantwa amwelekeze wapi? Vwawa? Momba? Akamwomba ampe muda. Tangu siku hiyo anashona pindo la kijani na kulifumua, asijue mabinti ni wa wilaya ipi.

Leo, Ijumaa ya kulala kambini, pindo la mwisho la kijani likiisha kutoka, anainuka, anaingia ndani. Anarudi na kitenge chake cha njano, kile cha kanisani. Anakikata vipande vyembamba.

"Weh! Umechanganyikiwa?" Fides anashika kichwa.

"Nimechanganyikiwa tangu mwezi wa tano. Leo angalau nashona." Anakanyaga cherehani. "Ahadi nitaipokea mwenyewe. Kikao kikikaa na kutoa rangi yao, nitafumua tena, na kamishna akitaka kunigombeza, anakaribishwa. Ninachotaka ni watoto waondoke hapa wakijua wana chama."

Abdulswamad anafika, Raudha nyuma yake amekumbatia blanketi. Mzee anaokota skafu, anaigeuza.

"Njano hii ya wilaya gani?"

"Ya kitenge changu."

"Nani ameruhusu?"

Gwantwa anaendelea kukanyaga cherehani. Raudha anaangalia chini, vidole vimelivuta blanketi.

"Basi lile swali langu bado lipo," anasema baba yake. "Likimpata jambo, nimwulize nani?"

Gwantwa anakata uzi kwa meno.

"Mimi, baba Raudha. Njoo hapa barazani, uniulize mimi."