Upinde wa Kilo Kumi na Nne

Baba yangu amebakiwa na jicho moja, la kulia. La kushoto liliondoka na presha ya macho, na hili lililobaki daktari alimwambia alitunze kama yai. Mtu wa namna hiyo, mabega yenyewe yamechoka, akaniambia anataka upinde mpya mwepesi. Nani wa kumkatalia? Mchana niko ofisini nagonga mihuri, jioni niko uani kwangu, mtaa wa Kikuyu, nagandisha vipande vyembamba vya mbao na faiba kwa gundi, navibana kwenye kalibu, ubao uliochongwa kwa umbo la upinde, mpaka vikauke.

Kwetu kuna mwiko usio na mjadala: upinde uliotengenezewa mtu, mwingine asiuvute kabla yake. Mzee akijua umeuvuta, ni tusi. Mimi nikauona mwiko wa kizamani. Utajuaje uzito bila kuuvuta? Nikautundika kwenye msumari ukutani, nikapachika mizani ya ndoano kwenye uzi wake, nikavuta chini. Kilo ishirini. Baba anaweza kumi na nne, tena siku njema.

Kupunguza uzito kunataka subira. Unasugua ubavuni kwa msasa, kidogo juu, kidogo chini, pande zote sawa, unapima, unarudia. Faiba ya mgongoni, upande unaotazama mbele, huigusi, maana ndiyo inayoshikilia kila kitu; ikikatika, vipande humrukia mvutaji usoni. Nayajua hayo vizuri sana. Lakini ilikuwa Jumamosi, Baba anakuja kesho kutoka kijijini Zuzu, vumbi la faiba linaniwasha mpaka shingoni, na mizani bado inasema kumi na nane! Nikasema potelea mbali. Nikaugeuza, nikasugua mgongo.

Kumi na nne ikaja upesi. Ikaja na mlio: tik. Mdogo, kama wa kukata kucha. Nikavuta tena, tik. Nikapapasa, sikuona ufa, nikajiambia ni gundi inajikaza. Mwongo mkubwa mimi! Gundi ilikuwa imekauka siku tatu nzima.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, binti yangu. Hujauvuta?"

"Hata kidogo, Baba."

Akauvuta. Mkono wa juu wa upinde ulipinda karibu kabisa na uso wake, upande wa jicho zima, naye anatabasamu. Ningesema una kasoro, angeuliza nimejuaje. Nikamfungia upinde kwenye kanga, akapanda pikipiki akaenda zake.

Wiki mbili sikula vizuri. Kila asubuhi nilimpigia simu kabla ya kwenda kazini. "Baba, umeuvuta leo?" Akijibu, "Nimeuvuta, mwanangu, asante," napumua, maana kama anaongea hivyo, jicho bado lipo. Kisha naanza kuogopa kesho. Usingizini niliusikia ule mlio.

Jumamosi ya tatu uzalendo ukanishinda, nikaenda Zuzu bila taarifa. Nilimkuta nyuma ya nyumba, upinde mkononi, hana mshale. Akauvuta polepole. Tik, tik. Nikazunguka mbele yake nipige kelele, nikaona amegeuza uso pembeni, jicho lake lile moja amelifumba kwa nguvu mpaka ngozi imekunjamana.

"Baba! Unafanya nini?"

Akaushusha taratibu. "Unalia huu. Unalia tangu siku ile kwako. Nimepoteza jicho, masikio ninayo."

"Sasa unauvuta wa nini? Utapofuka!"

Akanitazama kama anayeonewa.

"Si wewe unaniuliza kila asubuhi? Nikaona upinde huu unakufurahisha sana, siwezi kukwambia ni mbovu. Na kukudanganya sijazoea. Basi nauvuta mara moja, ukipiga simu nikujibu kweli."

Nikakaa chini palepale kwenye vumbi, nikashindwa hata kumtazama.