Milio ya Bibi Fundi Simu

Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa fundi wa mitambo ya simu, mwanamke peke yake katika karakana ya wanaume kumi na wawili. Walimwita Bibi Milio, kwa dhihaka. Wenzake wakienda kula, yeye hubaki na bisibisi na kinasa sauti, akirekodi milio ya laini: ya simu inayongoja kupigwa, ya laini iliyokufa, ya nyaya zilizoingiwa na mvua. Jumapili, juu ya meza ya jikoni, alikata kanda kwa wembe, akaziunga, akazipiga kinyumenyume. Mwishowe ikatoka santuri moja, nakala mia mbili. Redio iliipiga mara moja tu. Wasikilizaji wakapiga simu kuripoti kwamba mitambo imeharibika.

Shemeji zake walicheka mpaka wakashika mbavu. Mumewe alisema tu, "Mke wangu, sijaelewa kitu, lakini usiache."

Miaka arobaini ikapita. Siku moja mtunza maktaba wa redio, mama mwenye miwani mizito, akabisha hodi na santuri mkononi. Aliikuta kwenye rafu ya vitu vya kutupwa.

"Shikamoo, mama. Ni wewe uliyetengeneza hii?"

"Marahaba. Nani kanisemea?"

Mgeni akacheka, akaeleza. Redio wanataka kuitoa upya, walioisikia wameduwaa. Kilichobaki ni kuisafisha: kuondoa mvumo, na ile sauti ya mtu anayefoka katikati.

"Anayefoka ni mama mkwe wangu, ananiambia nizime hilo dude. Sikulizima siku ile, leo ndiyo nimfute yeye? Abaki. Na mvumo ubaki."

"Lakini mama, wataalamu wanasema..."

"Wataalamu walikuwa wapi nilipokuwa najikata vidole kwa wembe? Itoke kama ilivyo, au irudi kwenye rafu yako."

Ikatoka kama ilivyo.

Siku ya kuipiga ukumbini alikaa mwenyewe kwenye mashine, viatu kavua. Ndugu walijaa mistari ya mbele. Dakika ya tano shemeji mkubwa akainuka, wengine wakamfuata, viti vikigongana.

"Tupunguze kidogo?" mtunza maktaba akamnong'oneza.

Yeye akaongeza sauti.

Upande wa kwanza ulipokwisha, watu kumi na wanane walikuwa bado wamekaa. Hakuwashukuru, wala hakuinama. Aliigeuza santuri, akaifuta vumbi kwa upindo wa gauni, akashusha sindano.