Kitabu Nilichokiandika "Hisabati"

Nilikuwa mvulana wa miaka kumi na sita, tukiishi Edmonton. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Mama alifanya kazi ya kutunza wazee, na siku zake za mapumziko alijifunza kusoma Kiingereza na mimi, kwa kitabu chochote tulichokipata.

Mwaka huo niliazima kwenye maktaba ya shule riwaya ya mvulana anayempenda mvulana mwenzake, mtoto wa wahamiaji walokole kama sisi. Niliifunika kwa karatasi ya kaki, nikaandika juu yake "Hisabati". Niliisoma bafuni, mlango nimeufunga na bomba nimelifungulia.

Jumamosi moja asubuhi niliisahau jikoni. Niliporudi nilimkuta mama amevaa miwani, kitabu wazi mbele yake. Sebuleni baba alikuwa akijisomea kwa sauti mahubiri ya kesho yake.

"Hisabati gani hii isiyo na namba?" mama akauliza.

"Ni ya somo lingine, mama. Nilikosea kuandika."

"Basi kaa. Leo tusome hiki."

Akaweka kidole kwenye mstari, akaanza neno moja moja, kwa sauti ile ile aliyosomea Zaburi. Ukurasa ule niliujua. Nilijua kilichokuwa mistari minne chini.

"Mama, punguza sauti, baba anasoma."

Hakupunguza. Alifika penye busu, akasoma jina la kijana wa kwanza, kisha la pili. Akarudia polepole. Kidole kikasimama.

"Hawa wote ni wavulana?" safari hii alinong'ona.

"Ndiyo, mama."

Sebuleni baba alinyamaza. Jasho lilinitiririka mgongoni, na ilikuwa Januari.

"Mnasoma nini huko?" baba akaita.

Mama alinitazama usoni. Sijawahi kutazamwa vile.

"Hisabati," akajibu.

Alikifunga kitabu, akakitia kwenye mkoba wake wa kazini, chini ya sare. Siku nne alikwenda nacho kazini na kurudi nacho. Kila baba aliponiita, nilidhani ameshaambiwa, na kwamba kanisa zima litaitwa kuniombea. Nilipanga nguo chache kwenye begi la shule, nikawa nalala nalo miguuni.

Siku ya tano, baba akiwa kazini, mama alinirudishia kitabu. Alikuwa anamenya viazi.

"Kiingereza chake kigumu, nimeshindwa kukimaliza. Yule mvulana, mama yake alimfanyaje?"

Nilikuwa nimekwisha kufika mwisho zamani. "Alimfukuza."

Kisu kikatulia. "Baridi yote hii?"

Akaendelea kumenya, machozi yakimtoka, akasema bila kunigeukia, "Baba yako usimwambie. Bado."

Nguo nilizirudisha kabatini jioni hiyo. Sasa nina miaka ishirini na saba, naishi Barking, upande mwingine wa jiji lile lile, na mpenzi wangu, na mama hutupigia kila Jumapili akiwa kwenye basi. Baba bado hajui. Jina lake likitokea kwenye simu, nakaa chini kwanza ndipo nipokee.