Mfuko Alioula Mbuzi

Pale sokoni Kamembe nilinunua ndizi za kukaanga, nikabishana bei hadi muuzaji akachoka, nikahesabu vipande mara mbili. Siku hizi wanazitia katika visanduku vya makapi ya miwa. Nilipofungua, mvuke ulinuka kama jani lililoiva kwa joto.

Harufu hiyo niliinusa utotoni, mdomoni mwa mbuzi wetu. Alikuwa mmoja, hata ukimhesabu tena, na alikuwa na mimba. Wa jirani alikuwa amekufa majuzi; walipompasua, walikuta mfuko wa plastiki umejikunja tumboni kama soksi. Basi nilipokuta sambaza, vile visamaki vya ziwani, vimemwagika mlangoni, na mbuzi akitafuna kilichovifunga, nilimwita Maman kwa sauti yote.

"Amekula sashe?" akauliza, akija mbio. Sashe kwetu ni mfuko wa plastiki.

"Sijui, Maman. Papa ndiye alileta, akaacha hapa, akaenda."

"Shika pembe."

Nikashika. Maman akapenyeza vidole kati ya meno, akavuta polepole. Kikatoka kipande cha kijani chenye mishipa: jani la mgomba. Akalinusa, akalinusa tena, kisha akakaa chini kwenye tope, na kitenge chake cha kanisani.

"Papa yako iko na bahati," akasema alipopata pumzi. "Na huyu mbuzi ni muntu wa heshima. Amekula mfuko, ametuachia samaki."

Akaokota kipande kingine kilichobaki chini, akakikung'uta tope, akampelekea mdomoni.

"Maliza, mama. Hii ni chakula."