Muuguzi Asiyepima Kitu

Ninyi vijana mtakaosoma haya, msifikiri mtu akirudishwa nyumbani kutoka hospitali amepona. Sisi tulifikiri hivyo, na mtaa wetu wote wa Nengo ulifikiri hivyo.

Mume wangu, fundi wa cherehani, alishuka kwenye taksi kabla ya adhuhuri, na majirani wakaja na kreti ya soda. "Hongera, wamemurudisha!" Mmoja wao, dereva wa basi za kwenda Kanama, akampigia kelele:

"Fundi! Mi nilisema suruali ya Idi uliyokuwa unanishonea imekufa!"

"Utakufa wewe mbele yake," mume wangu akamjibu. "Tutakuzika na ile yenye viraka."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa natazama miguu yake. Ilikuwa imejaa hata viatu haviingii.

Siku ya tatu akaja muuguzi anayezungukia wagonjwa majumbani. Hakupima joto, hakutoa damu. Alileta chupa ya dawa ya maumivu, akamuuliza mume wangu anapenda kula nini na anapenda kumuona nani. Sikusoma sana, lakini nimeuguza watu wengi: muuguzi asiyepima kitu hatafuti kitu tena.

"Iko dada yangu kule Bugeshi, juu mlimani," mume wangu akasema. "Aliolewa bila ruhusa yangu, nikamufukuza. Nikipona, mvua ikiisha, nitapanda mwenyewe nimuombe msamaha."

Muuguzi akafunga mfuko wake. Mlangoni akaniuliza polepole, "Maman, muzee anajua?"

Hakujua. Mwanangu mkubwa alikuwa amefungia karatasi za hospitali kabatini mwake, akatuambia sote ni vidonda vya tumbo. Kwetu ubaya hausemwi mbele ya mgonjwa. Wanasema unamchimbia kaburi kwa mdomo. Basi kila aliyeingia alisema, "Utapona, muzee," naye akazidi kungoja mvua iishe.

"Mvua ikiisha atakuwa wapi?" nikamuuliza muuguzi.

"Hatafika huko, maman. Kama iko mutu wa kuona, amuone wiki hii."

Nikarudi ndani. Mwanangu alikuwa anampa baba yake dawa kwa kijiko. "Utapona, papa. Utapanda Bugeshi." Mume wangu akameza, akaitikia, kisha akanigeuzia macho mimi, akayaacha hapo.

Nikamtoa mwanangu hadi uani, wadogo zake wakatufuata.

"Mama, ukimwambia utamuua!"

"Ugonjwa ndio unamuua. Wewe unamunyima dada yake."

"Na akikata tamaa?"

"Akate. Tamaa ni yake." Nikawatazama wote. "Wewe mkubwa, chukua pikipiki sasa hivi, mulete shangazi yako leo, hata akiwa na matope ya shamba miguuni. Mi naingia kumwambia baba yenu. Na neno 'utapona' nisilisikie tena katika hii nyumba."