Udongo Usio na Sisimizi

Nauza maharage sokoni Kwa Sadala, na nina tabia moja inayowaudhi wateja wangu. Nikikuta fukusi kwenye gunia, nafurahi. Mnunuzi anasonya, mimi natabasamu, na jirani yangu wa meza ya vitunguu anasema nimechanganyikiwa. Asubuhi moja nilikuwa nimemweka fukusi kiganjani, namtazama anavyotambaa, simu ikaita. Alikuwa mama, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Wameweka vibendera uani," akasema. "Kimoja wamekichomeka kwa mdogo wako."

Nilielewa. Nikamwachia jirani meza yangu, nikashuka Moshi.

Ngoja nikueleze nyumbani kwetu, maana siku hizi ukipita hutapaona. Tulikaa ng'ambo ya reli, mbele ya Majengo, ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kutibu nguzo za umeme. Kiwanda kilishakufa zamani, lakini utotoni mwangu kilikuwa hai. Magogo yaliletwa meupe, yakaingizwa kwenye tangi refu la dawa, yakatoka ya kijani, yakapangwa uani yakidondosha maji. Dawa ile ilizuia mchwa na kuoza. Baba alikuwa fundi wa tangi. Alirudi jioni viganja vikiwa vya kijani, akinukia chuma na mvua, na mpaka leo nikiisikia harufu hiyo mahali nageuka kumtafuta.

Vipande vilivyobaki kwenye kukata nguzo, wafanyakazi waliruhusiwa kuondoka navyo. Kwetu hizo ndizo zilikuwa kuni. Umewahi kuona moto wa kijani? Ulipanda pembeni mwa sufuria, laini, rangi ya jani changa la mgomba, na sisi watoto tulizima koroboi makusudi ili tuuone vizuri. Mama alipikia machalari juu ya moto huo, nyama ikichemka pamoja na ndizi, na mvuke wake ulikuwa na uchungu kidogo kooni ambao sisi tuliuona ndio utamu wenyewe. Majivu nayo yalikuwa mali. Mama aliyachanganya na maharage ya kuhifadhi, kama akina mama wote walivyofanya na majivu yao, ila maharage ya kwetu yalikaa msimu hadi msimu bila tundu hata moja. Majirani walikuja na makopo kuomba. Mama aliwagawia kwa moyo mweupe, akasifiwa mtaa mzima.

Uani kwetu hakukuwa na sisimizi. Nasema hakukuwa, sisemi walikuwa wachache. Ukimwaga sukari chini, ilikaa palepale mpaka uifagie. Kuku wa mama walihamia kwa jirani, wakataga huko. Ndege walipita juu wakielekea mjini, sikumbuki hata mmoja aliyetua. Wageni walisema, jamani nyumba hii ni safi, na sisi tuliketi chini bila mkeka, tukijivuna.

Aliyekataa kusifu ni bibi mzaa baba. Alishuka kutoka Marangu na mkungu wa ndizi, kibuyu cha maziwa mgando, na dumu la maji yake mwenyewe. Dumu lile lilimuuma mama kuliko tusi. Bibi aliketi kwenye kiti, miguu ameipandisha juu ya kiti isiguse chini, na alipoondoka alikung'uta ndara zake mlangoni.

"Vumbi la huku lisipande mlimani," alisema.

Akishatoweka njiani tulimwigiza, tukikung'uta miguu na kucheka mpaka mbavu zinauma.

Mdogo wangu alikuwa ndio kwanza amekaza hatua. Alipenda kukaa jikoni karibu na jivu, akichovya vidole na kuvilamba, kama watoto wanavyofanya. Akaanza kutapika. Akakonda, viganja vikawa vigumu kama vya mtu mzima anayelima, na kabla ya masika akafa. Tuliambiwa ni tumbo. Baba, ambaye sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo, aliomba kiwandani mbao nzuri kuliko zote, zile zilizokunywa dawa mpaka ndani, akachonga sanduku kwa mkono wake.

"Mwanangu mchwa hawatamgusa," alisema.

Akamzika uani. Kiwanja kilikuwa kipya, na kwetu sisi Wachagga mahali penye kaburi ndipo mahali pako. Bibi alitaka mtoto apandishwe kihambani, kwenye shamba la ukoo kule Marangu, akashindwa na mwanawe. Basi akapanda masale, ule mmea wa makaburi yetu, kichwani pa kaburi. Wewe unayajua masale: ukikata tawi ukalisahau juu ya ua, linachipua. Yale yakakauka. Bibi akaleta mengine, nayo yakakauka, majani yakining'inia kama matambara. Mara ya mwisho aliyang'oa mwenyewe na kumgeukia mama.

"Siku moja utamtoa huyu mtoto. Wazee wa zamani walitoa mifupa ya wapendwa wao wakailaza kwenye masale. Usiogope siku hiyo ikifika."

Mama hakusema naye muda mrefu. Baadaye bibi akafa, baba naye akafa, wote wakalala Marangu. Mama akabaki chini, anafagia kaburi lisiloota hata nyasi.

Sasa vibendera vyekundu vilikuwa vimejaa uani, na ng'ambo ya ukuta watu wa ovaroli nyeupe na barakoa walikuwa wakichimba palipokuwa na tangi. Mkoa umeamua ardhi ile isafishwe: udongo mbaya, uliokunywa sumu ya ile dawa, uchukuliwe, palipobaki pafunikwe kwa udongo mzito wa mfinyanzi, kisha pajengwe soko. Nyumba yetu ilikuwa ndani ya mpaka. Mama angepewa nyumba nyingine, na hilo halikumsumbua. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda juu ya kaburi.

Mtaalamu wa mradi, binti mdogo kuliko mimi, alivua barakoa alipofika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ila hapa hamchimbi, mwanangu."

"Hatukulazimishi, mama. Tutachimba kote, kaburi tutaliacha, tutalizungushia uzio."

Mama alitazama vibendera, kimoja kimoja.

"Mae! Kwa hiyo udongo mbaya wote mnaondoka nao, wa kwake mnamwachia?"

Jioni mama alisimama, akabeba kigoda chake. "Bibi yako aliniudhi sana siku ile," aliniambia. "Mpigie baba yako mdogo kule Marangu achimbe shimo, kati ya baba yako na bibi."

Kibali kilipopatikana, mchungaji akaja. Wale wa ovaroli walichimba polepole, na tukangoja waseme wamekuta vipande. Hawakukuta vipande. Walitoa sanduku. Lilikuwa zima, ndugu yangu. Misumari ilikuwa imeliwa na kutu, lakini mbao zilikuwa ngumu, za kijani, na mistari ya randa ya baba ilionekana kana kwamba ameweka randa chini sasa hivi akaenda kunywa chai. Mchungaji alifunga kitabu chake bila kumaliza sala. Nilimsikia baba kabisa, harufu yake yote, ya chuma na mvua, ikipanda kutoka shimoni.

Mama alinyoosha mkono, binti wa mradi akamzuia, akamvalisha glavu. Mama akaipapasa mbao.

"Mzee wako alikuwa fundi," akaniambia.

Hakuna aliyeweza kutuambia kama ni dawa ile iliyomuua mdogo wangu, na mama hakuuliza. Aliuliza jambo moja tu, kama anaweza kubaki na ubao mmoja. Hakuweza. Sanduku liliingia kwenye mapipa ya kufungwa pamoja na udongo, na mtoto akapanda mlimani bila sanduku, ndani ya shuka jeupe, mapajani mwa mama.

Nyumba imebomolewa. Jiko, ukuta, kizingiti alichokung'utia bibi ndara, vyote vimekwenda na malori. Na nakuambia kweli, inaniudhi kusema hivi: naukosa ule moto. Nikipika kwangu, kwenye mkaa mwekundu wa kawaida, moyo wangu unautafuta ukijani. Kitu nilichokipenda kuliko vyote nyumbani kwetu huenda ndicho kilichotuulia mtoto, na bado nakipenda. Sijui mtu afanye nini na upendo wa namna hiyo.

Mvua zilipoanza tulipanda Marangu, mama na mimi. Sale alilolichomeka mama siku ya mazishi kichwani pa kaburi lilikuwa limetoa chipukizi. Ukungu ulikuwa umeshuka migombani, maji ya mfereji yanasikika bila kuonekana. Nikaona mstari mweusi ukipanda tuta la udongo, ukiingia kwenye ufa mdogo na kupotelea ndani. Walikuwa sisimizi. Niliinama kuwapangusa, mama akanishika mkono.

"Waache," alisema, huku machozi yanamtoka. "Miaka yote ile hakuna hata mmoja aliyemjia."